Sauti ya Nani, Mali ya Nani? Mjadala wa Soul kati ya Memphis na Detroit

Mjomba wangu haruhusu mtu mwingine aguse santuri zake. Huzitoa mwenyewe kwenye ganda, akazishika kwa kingo tu, akazipangusa kwa kipande cha khanga kuukuu kilichofuliwa hadi kikawa laini kama pamba. Jumapili moja, watu walipokwisha kurudi kutoka kanisani na vyombo vilipokwisha kuondolewa, alitoa mbili ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Ya kwanza ilikuwa "Reach Out I'll Be There" ya Four Tops, ya Detroit, mwaka 1966. Ya pili ilikuwa "(Sittin' On) The Dock of the Bay" ya Otis Redding, ya Memphis, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1967. Akaziweka mezani pamoja, kisha akasema neno lililotukalisha pale hadi taa zikawashwa: ya Memphis ni soul, na ya Detroit ni soul iliyoogeshwa kwa sabuni ili Wazungu wainunue.

Dada yangu ni mhasibu, kazi yake kutwa ni mikataba na hesabu za watu. Jirani yetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, amefundisha kwaya kwa miaka mingi. Nami nilikuwa na daftari. Haya ndiyo waliyosema. Nimeyapanga tu ili yasomeke.

MJOMBA: Nianze na nyumba, maana muziki hutoka na harufu ya nyumba ulimopikiwa. Stax, kampuni ya santuri, ilikuwa ndani ya jumba la sinema lililokwisha kufa, Capitol Theatre, East McLemore Avenue namba 926, Memphis. Jim Stewart, mfanyakazi wa benki aliyependa kupiga fidla, na dada yake Estelle Axton walilikodi mwaka 1960. Viti waling'oa. Lakini sakafu ya sinema huteremka kuelekea kwenye pazia, nayo wakaiacha vilevile. Sauti ikagonga ukuta kwa namna yake, na ndiyo maana ngoma za Al Jackson zinasikika kana kwamba anapigia chumba cha pili humu humu ndani. Kile kibanda cha kuuzia bisi, mama Axton akakigeuza duka la santuri. Wimbo mpya ukitoka studio, anauweka pale dukani na kuwatazama watoto wa mtaa: wakicheza, unatoka, wakigeuza kisogo, unarudi jikoni. Na wapuliza tarumbeta hawakuandikiwa manota. Otis mwenyewe aliwaimbia kwa mdomo kila kipande anachokitaka, nao wakakishika papo hapo. Chema chajiuza, wanangu, kibaya chajitembeza.

DADA: Mjomba, shikamoo tena, maana nitakupinga.

MJOMBA: Marahaba. Nipinge, mama.

DADA: Umetusimulia nyumba vizuri, ila hukumtaja mwenye nyumba. Stax, unayoiita soul yenyewe, ilianzishwa na Wazungu wawili. Motown ya Detroit, unayoiita ya sabuni, ilianzishwa na kijana Mweusi kwa fedha za ukoo wake. Berry Gordy alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury. Familia yao ilikuwa na mfuko wa kuchangiana kila mwezi, kama hii mifuko yetu ya ukoo. Januari 1959 aliuomba mkopo wa dola 800, na ndugu zake walimhoji kabla ya kumpa. Kwa mtaji huo akaanza, na baadaye mwaka huohuo akanunua nyumba ya kuishi, West Grand Boulevard namba 2648, akaigeuza studio na kuiandika kwa nje Hitsville U.S.A. Ghorofani kulikuwa na dari waliyoifanya chumba cha mwangwi. Mwaka 1961 The Marvelettes, wasichana waliokuwa ndio kwanza wanatoka shule, wakaipa kampuni hiyo wimbo wake wa kwanza kushika namba moja Marekani nzima. Kati ya 1964 na 1969 The Supremes peke yao wakashika namba moja mara 12. Mtu Mweusi alimiliki lebo, alimiliki kampuni ya kusimamia hakimiliki za nyimbo, alimiliki mikanda. Hilo ndilo unaloliita kujiuza?

MJOMBA: Naliita kuuza. Sikatai kwamba duka lilikuwa lake.

DADA: Basi sikiliza duka hilo lilifunguliwa katika soko gani. Jarida la Billboard, linaloorodhesha nyimbo zinazouzwa zaidi, lilikuwa na orodha ya nyimbo za Weusi iliyobeba neno la mbari, yaani nyimbo za watu wa rangi ile. Mwaka 1949 mwandishi wake mmoja, Jerry Wexler, akapendekeza jina jingine, nalo likakubaliwa: rhythm and blues. Hilo jina tunalolipenda lilizaliwa dawatini, likiwa kibandiko cha rafu. Baada ya hapo, Novemba 1963, jarida likaifuta kabisa orodha ya R&B, kwa kuwa nyimbo zilezile zilikuwa zikionekana kwenye orodha zote mbili. Lilipoirudisha ilikuwa Januari 1965. Mwaka 1969 likaibadilisha jina, ikawa orodha ya soul. Gordy aliyaona haya yote, akakataa kuuza kwenye rafu ya nyuma. Alitaka mlango wa mbele. Unamlaumu kwa hilo?

MWALIMU: Naomba niingie. Nyote wawili mnaanzia studio. Anzeni kanisani, na mkifika huko mtakuta ugomvi wenu ulikwisha kuwapo.

Mimi nafundisha sauti, kwa hiyo niseme kuhusu sauti. Inayofanya soul iwe soul ni mambo machache ambayo mnaweza kuyahesabu kwa vidole. Silabi moja inavutwa juu ya noti tano au sita. Mwimbaji anatoa neno na kundi linamjibu. Kinanda cha Hammond kinashikilia noti moja ndefu chini ya maneno kama mama anayeshikilia mgongo wa mtoto. Halafu linakuja lile jambo la wahubiri wa Kibaptisti Weusi, ambao wakifika katikati ya mahubiri huacha kusema, wakaanza kuimba mahubiri yenyewe. Baba yake Aretha Franklin, Mchungaji C. L. Franklin wa New Bethel kule Detroit, alisifika kwa hilo hata mahubiri yake yakauzwa kwenye santuri. Mtoto aliyekulia chini ya mimbari ile hakuhitaji kufundishwa soul.

Novemba 1954, kule Atlanta, Ray Charles alichukua mwendo wa wimbo wa injili, akautia maneno ya mapenzi ya mwanamke, ukatoka kwa jina la "I Got a Woman". Watu wa kanisa waliona amekufuru. Hata Big Bill Broonzy, mzee wa bluzi, aliona haifai. Miaka michache baadaye Sam Cooke, aliyekuwa sauti ya mbele ya Soul Stirrers na kipenzi cha akina mama makanisani, akahamia nyimbo za dunia, na "You Send Me" ya 1957 ikamfikisha namba moja. Waumini walilia kama waliofiwa.

MJOMBA: Na walikuwa na haki. Alichukua mali ya kanisa.

MWALIMU: Ngoja, kaka. Mali hiyo kanisa lenyewe lililipata wapi? Yule tunayemwita baba wa nyimbo za injili, Thomas Dorsey, alikuwa mpiga piano wa bluzi kwa jina la Georgia Tom. Mwaka 1928 alitoa pamoja na Tampa Red wimbo wa utani wa chumbani uliouzwa sana. Mwaka 1932 mke wake akafa kwa uzazi, na mtoto akamfuata mama yake. Katika msiba huo Dorsey akatunga "Take My Hand, Precious Lord", wimbo ambao hata kwetu hauhitaji kutambulishwa. Lakini makanisa kadhaa ya Chicago yalikuwa yakimfungia mlango, kwa sababu masikio yao yalisikia bluzi ndani ya sifa. Kwa hiyo Dorsey alileta kilabu madhabahuni, na Ray Charles akairudisha madhabahu kilabuni. Usiku wa Jumamosi na asubuhi ya Jumapili walikuwa wakikopeshana, na wapiga vinanda walikuwa walewale. Kwayani kwangu, kijana akipinda noti kidogo, wazee hunijia baada ya ibada wakilalamika kwamba analeta dansi. Huwa nawaeleza habari za Dorsey.

DADA: Mwalimu, hapo kwa Ray Charles umenipa nguvu bila kujua. Alipotoka kampuni ya santuri ya Atlantic kwenda ABC-Paramount, mwishoni mwa 1959, alidai jambo ambalo wasanii wa wakati wake hawakulipata: mikanda mama ya nyimbo zake irudi kuwa yake. Sam Cooke naye akaanzisha lebo yake, SAR, na akamiliki kampuni ya kushika hakimiliki za nyimbo zake. Hao mnaowaita waasi wa kanisa ndio walioisoma mikataba.

MJOMBA: Nirudisheni kwenye sabuni. Motown ilikuwa na shule ya mwenendo. Maxine Powell aliwafundisha wasichana namna ya kutembea, kuketi, kutoka kwenye gari. Cholly Atkins akawafundisha kila mkono upande wapi na ushuke lini. Kila Ijumaa kikao kinakaa kupiga kura wimbo upi utoke na upi ufe. Hicho ni kiwanda. Roho haipigiwi kura.

DADA: Mama Powell alikuwa mwanamke Mweusi aliyewaambia watoto wa nyumba za serikali za Detroit kwamba anawaandaa kuimba mbele ya wafalme na marais. Na wasanii wa Motown ndio waliopanda basi mwaka 1962 wakaenda kusini, ambako kumbi nyingine zilikatwa katikati kwa kamba, Weusi huku, Wazungu kule. Kusimama wima mbele ya kamba ile kulihitaji zaidi ya koo. Mjomba, kujitunza si kujikana.

MWALIMU: Na kuhusu roho kutopigiwa kura, weka hiyo ya Four Tops tusikilize.

Mjomba akaiweka. Sindano ikakwaruza kidogo, filimbi ikaanza, halafu ngoma ikaja kama kwato za farasi kwenye barabara kavu.

MWALIMU: Sikilizeni sauti ya Levi Stubbs. Watunzi wake, ndugu wawili Brian na Eddie Holland pamoja na Lamont Dozier, waliuweka wimbo juu makusudi, mahali ambapo koo lake haliwezi kukaa kwa raha. Walimtaka aufikie kwa taabu, kama mhubiri aliyefika saa ya tatu ya ibada. Hapo, mmesikia? Haimbi tena, anaita. Kaka, hiyo ndiyo sabuni yako? Sasa liache koo, shuka chini kabisa, usikilize besi. Haipigi hatua za kawaida, moja-tano, moja-tano, kama besi nyingi za siku zile. Inazungumza. Inauliza kabla ya mwimbaji, inamalizia baada yake. Huyo ni James Jamerson, na anapiga nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada cha mkono wa kulia. Alitoka kwenye jazi, kama wenzake wengi wa Funk Brothers, bendi ya studio ya Motown, na chumba walimorekodi walikiita Shimo la Nyoka kwa jinsi waya zilivyotapakaa. Kiwanda kilikuwa juu, kwenye vikao na mavazi. Chini ya sakafu kulikuwa na watu hawa.

Mjomba hakujibu. Aliinua sindano, akairudisha mwanzo, akasikiliza besi peke yake huku amefumba macho. Nilimwona kidole chake cha shahada kikisogea juu ya goti.

DADA: Sasa niseme la Memphis, na nalisema kwa heshima, Mjomba, kwa sababu najua unavyompenda Otis. Tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake ilianguka katika Ziwa Monona, Wisconsin, pamoja na vijana wengi wa bendi ya Bar-Kays. Alikuwa na miaka 26, na huo wimbo ulio mezani alikuwa ameurekodi siku chache tu kabla. Ulifika namba moja akiwa kaburini. Mwaka huohuo Atlantic, iliyokuwa ikisambaza santuri za Stax, ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya Warner-Seven Arts. Stewart alipotaka kujadili upya ushirikiano wao, akaonyeshwa mkataba wake mwenyewe. Kwa miaka yote ile alidhani Atlantic ni msambazaji. Kumbe karatasi aliyoitia sahihi iliifanya kuwa mwenye mali, na hakuwa ameisoma kwa makini. Mikanda yote ambayo Atlantic ilikuwa imeisambaza, kuanzia 1960, haikuwa ya Stax tena. Otis, nyimbo zote za Otis. Sam na Dave, wale waimbaji wawili, nao wakaondoka. Mei 1968 Stax ilikuwa na jengo, jina na vyombo, lakini haikuwa na kumbukumbu yake.

MJOMBA: Na kabla ya Mei ilikuwa Aprili.

DADA: Ndiyo, Mjomba. Sema wewe.

MJOMBA: Booker T. & the MG's, bendi ya studio ya Stax, walikuwa wanne, Weusi wawili na Wazungu wawili, katika mji ambao hawakuruhusiwa kuketi meza moja hotelini. Mahali walipoweza kukutana, kula na kutunga pamoja palikuwa moteli ya mtu Mweusi, Lorraine. Steve Cropper na Wilson Pickett walitungia humo "In the Midnight Hour" mwaka 1965. "Knock on Wood" nayo ilizaliwa humo. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King akapigwa risasi kwenye baraza ya moteli hiyohiyo. Fikirieni mtu anarudi studio baada ya hapo, anashika gitaa, anamtazama mwenzake usoni. Walioishi wakati ule wamesema haikurudi kuwa kama awali. Ndiyo maana naipenda Memphis. Pale palikuwa na kitu, na kikavunjwa mbele ya macho yao.

Lakini, mwanangu, usimalizie hapo. Stax haikufa 1968. Al Bell, mtangazaji wa redio Mweusi, aliingia akawa mmiliki mwenza, na kufikia 1972 ilikuwa yake. Isaac Hayes akatoa "Hot Buttered Soul" mwaka 1969, nyimbo nne tu albamu nzima, mmoja unapita dakika 18. Agosti 1972 wakajaza uwanja wa Coliseum wa Los Angeles kwa dola moja kila kichwa, watu laki na zaidi, wakiyakumbuka machafuko ya mtaa wa Watts. Ilifilisika Desemba 1975, lakini ilifilisika ikiwa mikononi mwa Weusi waliothubutu. Na Detroit yako je? Yule kidole kimoja aliyenikalisha hapa, jina lake liko wapi kwenye santuri hii? Chukua miwani, nisomee.

Dada yangu alivaa miwani. Kwenye duara la karatasi katikati ya santuri kulikuwa na jina la wimbo, jina la kundi, majina matatu ya watunzi na jina la kampuni ya hakimiliki. Aligeuza upande wa pili. Akarudi wa kwanza.

DADA: Halipo.

MJOMBA: Halipo. Mpiga besi, mpiga ngoma, mpiga kinanda, hakuna. Walilipwa posho na mshahara, wakatengeneza mamilioni, na Marekani nzima ilicheza bila kujua majina yao. Ilibidi Marvin Gaye atoe "What's Going On" mwaka 1971 ndipo ganda la albamu ya Motown likawataja. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles, na wengi wa wapigaji wakabaki Detroit na vyombo vyao. Hao Holland na Dozier unaowasifu walikwisha kuondoka kabla ya hapo kwa ugomvi wa fedha. Jamerson alikufa 1983, miaka 47. Ulisema mwenye nyumba alikuwa Mweusi. Sawa. Na wapangaji wake?

Kimya kilikuwa kirefu. Dada yangu si mtu wa kukwepa hesabu isiyolingana.

DADA: Umenishinda hapo, Mjomba. Kumiliki peke yake hakutoshi. Inabidi kuuliza pia mgao.

MWALIMU: Basi tuwaite wanawake, maana wao walilipa mara mbili. Ruth Brown aliingia Atlantic mwaka 1949. Kwa nyimbo zake kampuni changa ikasimama, hata watu wakaiita nyumba aliyoijenga Ruth. Miaka ya 60 alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za watu na kuendesha basi la shule ili alee watoto wake.

DADA: Na namna walivyofanyiwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Gharama za studio, za wapigaji, za matangazo, ziliandikwa kwenye jina la mwimbaji kama deni. Mrabaha wake ni senti chache kwa kila santuri, nazo zinakatwa kwanza kulipia deni hilo. Wimbo unauzwa nchi nzima, kitabuni yeye bado anadaiwa. Ruth Brown alipigana kwa miaka mingi, kwa mawakili na mbele ya wabunge wa Marekani. Mwaka 1988 kampuni ikakubali kufuta madeni hayo ya vitabuni na kuanza kulipa, na Rhythm and Blues Foundation ikaanzishwa kuwasaidia wakongwe. Mchumia juani hulia kivulini, lakini yeye kivuli alikifikia akiwa na miaka sitini.

MWALIMU: Na Aretha?

DADA: Aretha alikaa kampuni ya Columbia takriban miaka sita, wakimpangia nyimbo zisizomwacha apumue. Januari 1967 Jerry Wexler, yuleyule wa jina la R&B, sasa akiwa Atlantic, akampeleka studio ya FAME, Muscle Shoals, Alabama. Wapigaji ni vijana Wazungu wa kusini. Akaketi kwenye piano, wakamfuata. Ukazuka ugomvi akaondoka, na kazi ikamaliziwa New York. Lakini ile siku moja ilitosha, alikuwa ameipata sauti yake. Mwezi uliofuata akarekodi "Respect", wimbo wa Otis wa mwaka 1965. Kwa Otis ni mume anayedai heshima nyumbani kwake. Aretha aliugeuza ukawa dai la mwanamke, na la watu wote. Sasa angalia hesabu: kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida ya hewani inapopiga wimbo inamlipa mtunzi, haimlipi mwimbaji. Kila redio ya namna hiyo inapoicheza "Respect" ya Aretha, fedha inakwenda upande wa Otis.

Ndiyo maana hadi uzeeni Aretha alitaka alipwe taslimu kabla ya kuimba, fedha ziwe mkobani, na mkoba uwe mahali anapouona. Desemba 2015, mbele ya Rais Obama, aliingia jukwaani na koti la manyoya, mkoba mkononi, akauweka juu ya piano, kisha akaketi na kuimba hadi Rais akafuta machozi. Watu walizungumzia koti. Mimi niliutazama mkoba.

MJOMBA: Nami niseme langu la mwisho. Mwaka 1969 nilikuwa kijana. Dar es Salaam viongozi wa mkoa wakapiga marufuku muziki wa soul, katika majira yaleyale ya Operesheni Vijana iliyokataza sketi fupi na suruali za kubana. Tuliambiwa ni muziki wa kigeni unaoharibu vijana. Nchi ilikuwa inajijenga, sikuwadharau waliosema hivyo. Lakini mwaka mmoja nyuma James Brown alikuwa amewaimbisha watoto wa Los Angeles kwamba weusi ni fahari, na sisi tuliokuwa tumetoka kwenye ukoloni juzi tulilielewa neno hilo bila mkalimani. Septemba 1974 akaja Kinshasa, yeye, B. B. King na Bill Withers, jukwaa moja na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba, siku tatu. Pigano la Ali na Foreman lililowaleta likaahirishwa, muziki haukuahirishwa. Wazaliwa wa Marekani wale walisema wamefika kwao. Kwa hiyo mkiniuliza soul ni mali ya nani, najikuta nataka kusema ni yangu pia. Halafu namkumbuka Ruth Brown kwenye usukani wa lile basi, nanyamaza. Kupenda si kumiliki.

Mimi niliyeshika daftari nina msimamo, na nautoa waziwazi. Mjomba alianza kwa kudhani roho ya muziki iko katika ukali wa koo. Dada alianza kwa kudhani iko katika hati ya nyumba. Mwalimu akatuonyesha kwamba tangu Dorsey hadi Ray Charles haikuwahi kukaa nyumba moja. Walipomaliza, hakuna aliyebaki pale alipoanzia, na naamini hapo ndipo penye ukweli. Otis hakuwa na roho zaidi ya Levi Stubbs. Wote wawili walitoka kwenye malezi yaleyale ya wito na kiitikio, wakaimba kwa nguvu zao zote, na nyuma yao walikuwako watu ambao kazi yao ilikwenda duniani bila majina. Sisi tuliorithi muziki huo bila kulipa chochote tunadaiwa jambo moja dogo, kuuliza. Nani alipiga? Nani alitunga? Nani alikula? Tukiipenda sauti tukausahau mkono, tunarudia kosa la yule aliyeichapa ile karatasi ya duara bila jina la mpiga besi. Na swali hilo si la Detroit pekee. Kila mwenye santuri za dansi zetu za zamani azigeuze azisome, aone ni wapiga gitaa wangapi aliocheza nao maisha yake yote bila kuwajua.

Giza lilipoingia Mjomba aliomba kalamu. Akachukua ganda la Otis, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu: kinanda, Booker T. Jones, gitaa, Steve Cropper, besi, Donald Dunn, ngoma, Al Jackson. Akachukua ganda la Four Tops, akamwomba Mwalimu amtajie tahajia, akaandika: besi, James Jamerson. Akaupuliza wino ukauke. Kisha akaitoa santuri ya Detroit, akaipangusa kwa kile kipande cha khanga, akamkabidhi dada yangu.

"Shika kwa kingo," akamwambia. "Iweke wewe."